Ripoti Inapopingana na Wagonjwa: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Misimbo ya Magonjwa

Tuseme ripoti ya mwezi imetoka na inaonyesha kwamba kliniki ina wagonjwa 41 wa kisukari, ilhali mfamasia, ambaye hata hajaifungua ripoti hiyo, anajua kutokana na kazi yake ya kila siku dirishani kwamba wanaochukua metformini, dawa ya kisukari, hawapungui 90. Hapo ndipo lawama huanza kuelekezwa kwa mfumo, fundi akaitwa, na siku mbili zikapotea katika kukagua programu isiyo na kosa. Kwa uzoefu wangu, kompyuta mara nyingi huwa imehesabu sawasawa kile ilichopewa kuhesabu, na kasoro huwa imo katika hatua fupi iliyo kati ya kile alichokijua daktari na msimbo alioubofya (herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa), yaani pale ambapo dhana, historia ya familia au kipimo cha siku moja hugeuka kuwa ugonjwa, au ugonjwa wa kweli unapobaki katika maandishi bila msimbo wowote.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza kwa kila dalili nitakayoitaja hapa ni moja. Chagua rekodi kumi kati ya zile zinazotiliwa shaka, uzisome kwa macho yako mwenyewe kuanzia maelezo ya daktari, dawa, matokeo ya maabara na barua za rufaa, na misimbo uiangalie mwisho kabisa. Ukianza na misimbo utaanza kuiamini, na yote utakayosoma baadaye utayaona kupitia misimbo hiyo.

Dalili: wagonjwa ni wachache kuliko unaowajua

Chanzo kinachoongoza ni kwamba utambuzi umeandikwa kwa maneno tu. Daktari ameandika "kisukari kinaendelea vizuri, dawa zilezile," kisha akaweka msimbo wa kikohozi kilichomleta mgonjwa siku hiyo. Binadamu akisoma maelezo hayo ataelewa kila kitu, lakini ripoti haisomi sentensi, inahesabu misimbo, na mtu huyo ataendelea kuwa mgonjwa wa kikohozi hata akihudhuria kliniki kwa miaka mitano. Chanzo cha pili ni barua ya hospitali. Mgonjwa amelazwa, akagunduliwa ugonjwa, akarudi na muhtasari wa kuruhusiwa, na karani akaupiga picha na kuubandika kwenye faili. Picha hiyo inaonekana kwenye skrini na kila mtu hudhani kwamba taarifa imeingia, kumbe hakuna aliyeigeuza kuwa msimbo.

Kisha yapo makosa ya ukaribu. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa ambayo nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilianza kuitumia mwaka 1994, kisukari cha aina ya kwanza ni E10, cha aina ya pili ni E11, na kisukari kisichobainishwa aina yake ni E14, wakati R73 ni kiwango cha juu cha sukari kwenye damu bila kusema kwamba mtu ana kisukari. Daktari mwenye haraka huandika "sukari" kwenye kisanduku cha kutafutia, orodha ikamletea R73 juu kabisa, naye akaichagua. Mwingine huchagua E14 kwa miaka yote kwa sababu ndiyo aliyoikariri. Kabla ya kumlaumu yeyote kati yao, muulize aliyetunga ripoti ametafuta misimbo ipi, kwa maana nimekuta ripoti ya "wagonjwa wote wa kisukari" iliyotafuta E11 peke yake.

Ili kuwapata waliopotea, fuata nyayo ambazo ugonjwa huacha mahali pengine. Tafuta wanaopewa metformini au insulini bila kuwa na msimbo wa kisukari, na wenye matokeo ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, ya asilimia 6.5 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 2011 kwa ajili ya utambuzi. Orodha utakayopata itakuwa na dhahabu na takataka pamoja. Metformini hutumiwa pia na wanawake wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, amlodipini hutolewa kwa maumivu ya kifua ya moyo na si kwa shinikizo la damu tu, na salbutamoli hupewa watu wengi ambao hawajawahi kuthibitishwa kuwa na pumu. Vilevile, mtu asiye na dalili aliyepata HbA1c ya juu mara moja anahitaji kupimwa tena kabla ya kuitwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo, usikubali misimbo iongezwe kwa mkupuo kutoka kwenye orodha ya dawa, hata kama mfumo unaruhusu na hata kama muda ni mfupi. Kila jina lipitiwe na mtabibu anayeweza kusema ndiyo au hapana.

Dalili: wagonjwa ni wengi kuliko ukweli

Hili ndilo tatizo ninalolipa uzito mkubwa kuliko mengine yote, kwa sababu mgonjwa aliyesahauliwa na ripoti bado ana daktari anayemjua, lakini mtu mzima wa afya aliyepachikwa ugonjwa hubeba jina hilo kwa kila atakayefungua rekodi yake, awe daktari mgeni, kampuni ya bima au mwajiri anayedai cheti cha afya.

Nitaeleza rekodi moja niliyowahi kuipitia, nikiacha chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika. Mwanamke wa makamo alikuja na maumivu ya goti. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akapata 158/96, na daktari akaandika: "Amepanda ngazi, ana maumivu. Apimwe tena baada ya wiki mbili." Maneno hayo ni sahihi na ya uangalifu. Chini yake, kwenye kisanduku cha utambuzi, kulikuwa na I10, ambao ni msimbo wa ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Alirudi baada ya wiki mbili, akapimwa mara tatu, na kipimo cha juu kabisa kilikuwa 128/78. Daktari wa siku hiyo aliandika "shinikizo ni la kawaida," akaendelea na goti. Hakuna aliyeigusa I10. Miaka mitatu baadaye nilimkuta kwenye orodha ya "wagonjwa wa shinikizo waliotoroka dawa," na tayari alikuwa ametumiwa ujumbe mara kadhaa wa kumkumbusha dawa ambazo hakuwahi kuandikiwa.

Msimbo uliostahili siku ile ya kwanza upo. Katika ICD-10 ni R03.0, kipimo cha juu cha shinikizo bila utambuzi wa ugonjwa. Katika ICPC-2, orodha iliyotayarishwa na WONCA, shirika la kimataifa la madaktari wa familia, mahususi kwa ajili ya huduma ya afya ya msingi, ni K85, na ugonjwa wenyewe usio na madhara mengine ni K86. Daktari yule hakuwa mjinga wala mzembe. Nilipomuuliza alisema kwamba mfumo haukumruhusu kufunga ziara bila utambuzi, na kwamba alipoandika "shinikizo" jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa I10.

Unapokutana na dalili hii, tafuta hasa mambo yafuatayo katika rekodi zako kumi. Je, kuna alama ya kuuliza au neno "inadhaniwa" katika maelezo, wakati msimbo hauna shaka yoyote? Alama ya kuuliza haihesabiki, na shaka yote ya daktari hupotelea hapo. Je, msimbo uliwekwa siku ileile kipimo kilipoagizwa, kabla ya majibu kutoka? Mifumo mingi hudai utambuzi kwenye fomu ya maabara, na daktari anayetaka kupima sukari ya mtu huona njia fupi ni kuandika kisukari kama sababu ya kipimo, majibu yakirudi safi msimbo unabaki. Je, mgonjwa alisema ni mama yake mwenye kisukari? Historia ya kisukari katika familia ina msimbo wake, Z83.3, na haipaswi kuwekwa kama E11. Je, kisukari kilitokea wakati wa ujauzito na kikaisha? Hicho ni O24.4, na ingawa ni taarifa muhimu kwa maisha yote ya mama huyo, hakimfanyi kuwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili.

Chunguza pia mahali ambapo watu wako walijifunzia kazi. Miongozo ya Marekani inaruhusu hospitali kuweka msimbo wa ugonjwa unaodhaniwa kwa mgonjwa aliyelazwa kana kwamba umethibitishwa, lakini kwa wagonjwa wa nje inakataza jambo hilohilo na kuagiza dalili ndiyo iwekewe msimbo. Mtu aliyezoea kanuni ya wodini akahamia kliniki ya nje bila kuelezwa tofauti atatengeneza wagonjwa wengi wasiokuwepo, na atafanya hivyo kwa bidii na nia njema.

Tiba ya kudumu iko kwenye skrini ya kuingizia taarifa. Mwombe msimamizi wa mfumo aongeze hali tatu za utambuzi, yaani unaodhaniwa, uliothibitishwa na uliokataliwa, na ripoti zihesabu zilizothibitishwa peke yake. Ikiwa mfumo hauwezi, basi mkubaliane kwa maandishi kwamba pasipo uthibitisho panawekwa msimbo wa dalili, na fomu ya maabara iruhusu dalili iwe sababu ya kutosha. Daktari asilazimishwe kusema asichokijua ili tu ukurasa ufungike.

Dalili: magonjwa ya ajabu yamezuka baada ya kuhamisha taarifa

Kliniki imebadilisha mfumo, au imetuma taarifa zake kwa taasisi nyingine, na ghafla wagonjwa wa shinikizo la damu wanasomeka kuwa na magonjwa ya kongosho, wa kisukari wanasomeka kuwa na madhara ya majeraha ya kichwa, na wenye mafua wanasomeka kuwa na vimeng'enya visivyo vya kawaida kwenye damu. Ukiona mchanganyiko wa namna hii, huna haja ya kutafuta mbali, kwa kuwa misimbo ya ICPC-2 imesomwa kama ICD-10. Orodha zote mbili hutumia herufi moja ikifuatwa na tarakimu mbili, kwa hiyo kompyuta hukubali bila kulalamika. K86 ni shinikizo katika ya kwanza na ni maradhi mengine ya kongosho katika ya pili. T90 ni kisukari kisichotegemea insulini upande mmoja, na upande wa pili ni athari za majeraha ya kichwa. R74 ni maambukizi ya njia ya juu ya hewa, na kwingine ni vimeng'enya. D73, ambayo katika ICPC-2 ni ugonjwa wa kuhara unaodhaniwa kuwa wa maambukizi, hugeuka kuwa maradhi ya wengu.

Mtego mbaya zaidi umo katika R05, kwa sababu ni kikohozi katika orodha zote mbili. Nimeona jaribio la uhamishaji likipitishwa kwa sababu mpimaji alijaribu rekodi chache za kikohozi, zikatoka sawa, akatia saini. Unapojaribu, tumia misimbo ambayo maana zake zinatofautiana, na hakikisha kwamba kila msimbo unasafiri pamoja na jina la orodha ulikotoka na toleo lake, kwani msimbo uliotenganishwa na orodha yake ni herufi na tarakimu tupu.

Ikiwa orodha ni sahihi lakini misimbo yenyewe imeharibika, uliza kama faili lilipitia kwenye Excel au programu nyingine ya majedwali. Katika ICD-11, toleo lililofuata ICD-10, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, homa kali ya ini inayosababishwa na virusi ni 1E50, na programu ya majedwali huiona kama namba ya kisayansi, moja ikifuatwa na sifuri hamsini, ikaibadilisha bila kukuuliza. Vitambulisho vya SNOMED CT, orodha nyingine ya kimataifa ya istilahi za kitabibu, huwa na tarakimu kati ya 6 na 18, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za mwanzo na kujaza sifuri katika zilizobaki. Vile vifupi kama 44054006, kisukari cha aina ya pili, hupita salama, na ndiyo maana kosa huchelewa kugunduliwa. Tarakimu ya mwisho ya kitambulisho cha SNOMED CT ni ya uhakiki, hivyo mfumo unaopokea unaweza kuvikataa vingi kati ya vilivyoharibika iwapo umewekwa kuikagua. Agiza safu ya misimbo isomwe kama maandishi tangu faili linapofunguliwa, au afadhali zaidi, faili lisipite kabisa kwenye majedwali.

Kosa dogo la jamii hiyo ni kuchanganya herufi na tarakimu, kama vile I10 kuandikwa 110. Waliotunga ICD-11 waliziacha herufi I na O kwa sababu hiyohiyo. Kwa ICD-10 dawa ni kuzuia uchapaji wa mkono na kuruhusu kuchagua kutoka kwenye orodha pekee.

Dalili: kila kitu ni "bila kubainishwa"

Ripoti imejaa R50.9, homa isiyobainishwa, na misimbo mingine inayoishia na tisa. Wasimamizi huliona hili kama uvivu na kuamuru umahususi. Ningewasihi wasubiri. Katika kliniki ya kwanza anayoifikia mgonjwa, watu wengi huja na dalili ambazo hazijawa ugonjwa wenye jina, na nyingine hupona bila kupata jina. ICPC ilipotolewa mwaka 1987 ilitenga namba 1 hadi 29 katika kila sura kwa ajili ya dalili na malalamiko, na 70 hadi 99 kwa ajili ya magonjwa, kwa kutambua ukweli huo. Homa ambayo chanzo chake hakijulikani inastahili kuitwa homa, na daktari anayeshinikizwa aipe jina mahususi atarudi kutengeneza tatizo nililolieleza juu, la wagonjwa kuzidi ukweli.

Swali la kuuliza ni kama taarifa mahususi ilikuwepo na haikutumika. Ikiwa maabara ilithibitisha malaria ya falsiparumu na rekodi bado inasema homa, hapo kuna kasoro, na chanzo kwa kawaida ni kwamba majibu yalitoka baada ya daktari kufunga ziara na hakuna aliyepewa jukumu la kurudi. Mpe mtu jukumu hilo kwa jina. Chanzo kingine ni mpangilio wa orodha ya kuchagulia, unaoweka "bila kubainishwa" juu kwa sababu ndiyo iliyotumika zaidi, kisha ikazidi kutumika kwa sababu iko juu.

Dalili: mzio umeandikwa lakini onyo halitokei

Hili lishughulikiwe siku hiyohiyo, likiwa mbele ya ripoti zote. Maneno "ana mzio wa penisilini" yaliyoandikwa ndani ya maelezo ya ziara hayazuii agizo la amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kwa kuwa kikaguzi cha dawa husoma sehemu ya mzio tu. Hata Z88.0, msimbo wa historia ya mzio wa penisilini, ukiwekwa kwenye orodha ya utambuzi unaweza usiamshe onyo. Tafuta neno "mzio" na "aleji" katika maelezo yote ya zamani, hamishia kila kisa kwenye sehemu yake, na uandike pia kilichotokea, kwani kichefuchefu na kuvimba koo havina uzito mmoja.

Dalili ndogo ndogo

Orodha ya matatizo yenye mistari arobaini, kikohozi kikiwa kimeandikwa mara tisa, hutokana na mfumo unaofungua tatizo jipya kila ziara. Lawrence Weed, aliyependekeza mwaka 1968 kwamba rekodi ipangwe kwa matatizo ya mgonjwa, alikusudia orodha inayohuishwa. Yaliyokwisha yafungwe, na ziara mpya iunganishwe na tatizo lililopo. Wagonjwa wapya wengi kupita kiasi katika mwezi mmoja mara nyingi ni tarehe ya kuingizwa kwa taarifa iliyochukuliwa kama tarehe ya kuanza kwa ugonjwa. Na mtu mmoja mwenye faili mbili hutokana na jina lililoandikwa kwa tahajia mbili. Kabla ya kuziunganisha hakikisha kwa mgonjwa mwenyewe, kwa maana faili za watu wawili tofauti zikishaunganishwa ni vigumu sana kuzitenganisha.

Namna ya kusahihisha bila kuharibu

Msimbo uliokosewa usifutwe ukatoweka. Uwekewe alama kwamba uliingizwa kimakosa, pamoja na tarehe, jina la aliyesahihisha na sababu, kwa sababu huenda kuna dawa iliyotolewa au uamuzi uliofanywa kwa kuutegemea, na atakayeuliza baadaye anastahili kupata jibu. Kisha fuatilia ulikokwenda, iwe ni barua ya rufaa, dai la bima au taarifa iliyotumwa nje, nako upeleke masahihisho, kwani rekodi safi kwako haisaidii ikiwa nakala chafu inaendelea kusomwa kwingine. Mgonjwa naye aambiwe. Yule mwanamke wa goti nilimpigia simu. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba amekuwa akila bila chumvi kwa mwaka mzima kwa hofu ya zile jumbe, na akaomba nimtumie kwa maandishi kwamba hana ugonjwa huo. Nilimwandikia siku ileile.

Baada ya marekebisho, usiendeshe ripoti peke yake ukaridhika kwamba namba zimekaa vizuri. Subiri wiki nne ili ziara mpya ziingie chini ya utaratibu mpya, chagua rekodi nyingine kumi bila kuangalia majina, na uzisome tena kwa mpangilio uleule, maelezo kwanza na misimbo mwisho.